Mwanangu anataka kusomea kusimamia jukwaa, nimpeleke chuo gani?

Kawe. Baba mdogo hakunipigia simu kunijulia hali. Alinipigia kwa sababu naandika habari za afya, na kwa hesabu zake mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa kumshawishi binti aliyemaliza kidato cha nne akasomee uuguzi.

"Njoo Jumapili uzungumze na mdogo wako," aliniambia. "Matokeo yametoka, kafaulu, kemia na baiolojia anazo. Sasa anatuambia anataka kusomea kusimamia jukwaa. Jukwaa si linasimamishwa na mafundi seremala?"

Nilipofika nyumbani kwao Kawe Ukwamani nilikuta mama mdogo amepika pilau, na haikuwa sikukuu. Nikajua kikao ni kizito. Tulipomaliza kula, baba mdogo aliweka simu yake mezani ikiwa imefunguliwa kwenye orodha ya vyuo vya afya. Binti naye akaweka daftari lake pembeni ya simu, akanyamaza. Majina yao nayahifadhi kwa ombi lao.

Siku ile sikumshawishi mtu yeyote. Nilitoka na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo, nikatumia wiki mbili kuyatafutia majibu. Nayaandika hapa kwa sababu nyumba yao si pekee yenye mtoto anayetaka kozi ambayo mzazi hajawahi kuisikia.

Si mwigizaji, si mshereheshaji

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Msimamizi wa jukwaa ni mtu ambaye hadhira haimwoni. Wakati wa mazoezi anapanga ratiba, anajua nani kafika na nani kachelewa, anabandika tepu sakafuni kuonyesha mlango utakuwa wapi na meza itakaa wapi. Anaandika kila hatua ya kila mwigizaji kwenye nakala moja ya mchezo. Mwongozaji akisahau waliamua nini wiki iliyopita, jibu liko kwenye nakala hiyo.

Siku ya onyesho mwongozaji anakaa na watazamaji, na jukwaa linabaki mikononi mwa msimamizi. Yeye ndiye anayemwambia mtu wa taa azime sasa, mtu wa sauti aweke ngoma sasa, na walio nyuma ya pazia wampitishe mwigizaji sasa. Onyesho likiisha anaandika ripoti: lilianza saa ngapi, nini kilivunjika, nani aliumia.

Kazi hii ina nidhamu ya dakika. Katika kumbi za Uingereza, tangazo la "nusu saa" kwa waigizaji hutolewa dakika 35 kabla ya onyesho kuanza, si 30. Zile tano za ziada ni za kila mtu kuwa amekwishasimama mahali pake kabla pazia halijafunguliwa.

Nilipoeleza hivyo, baba mdogo alicheka. "Kumbe ni mwalimu wa zamu."

Hakukosea sana.

Kazi inayogusa uhai

Nilikwenda pale kama mtu wa afya, na upande huo ndio ulionifanya nibadili mawazo.

Wengi wetu tunakumbuka Tabora, sikukuu ya Idi, Oktoba 1, 2008. Watoto walijazana kwenye ukumbi wa disko, hewa ikawa haitoshi, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walikufa. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu na wazazi waliwapa hela ya kiingilio wenyewe.

Duniani mifano ni mingi. Chicago, Marekani, Desemba 30, 1903, ukumbi wa maigizo wa Iroquois uliwaka moto wakati wa onyesho la mchana lililojaa akina mama na watoto. Watu 602 walipoteza maisha. Ukumbi ulikuwa mpya, lakini milango mingine ilikuwa imefungwa na mingine imefichwa nyuma ya mapazia. Hata Bagamoyo, ambako tutafika baadaye, ukumbi wa zamani wa chuo cha sanaa uliteketea kwa moto mwaka 2002.

Kwa hiyo swali la ni nani anayehesabu milango, anayejua funguo ziko wapi na mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni onyesho" ni la usalama wa watu. Mahali penye msimamizi aliyefundishwa, swali hilo lina mwenyewe. Mahali pasipo naye, kila mtu anadhani ni kazi ya mwingine.

Kuna na masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kiwango kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Kwa sauti ya kiasi hicho, dakika 15 tu zinatosha kuanza kuhatarisha usikivu wa mtu asiye na kinga. Mkazi wa Kawe anayeishi karibu na viwanja vya Tanganyika Packers, panapofanyika mikutano mikubwa na matamasha, hahitaji kuelezwa zaidi. Anayesomea kazi hii anatakiwa ajue kulinda masikio ya watazamaji, na ya kwake kwanza, maana watazamaji wanakwenda nyumbani na yeye anarudi kesho.

Jioni ya mahafali

Baba mdogo alisikiliza yote hayo, kisha akasema, "Sawa, lakini huyu ni mtoto. Ataweza wapi kusimamisha watu?"

Mama mdogo, ambaye muda wote alikuwa kimya, ndiye aliyemjibu. "Unakumbuka mahafali, umeme ulipokatika?"

Alikumbuka, na hata mimi nilikuwepo. Wanafunzi wadogo walikuwa jukwaani wanacheza ngoma, giza limeshaingia, ghafla taa zote zikazima. Wazazi waliinuka, benchi moja likaanguka, kukawa na kelele za watu kuita watoto wao. Kisha kutoka pembeni ya jukwaa ikasikika sauti ya utulivu: wazazi kaeni, watoto wanashuka upande wa kushoto, tunawaleta. Tochi nne zikawaka kwa pamoja. Watoto wakashuka wameshikana mikono, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna aliyejikwaa. Njia nzima tukirudi baba mdogo alimsifu mwalimu yule.

"Hakuwa mwalimu," mama mdogo alisema. "Alikuwa huyu hapa."

Binti alifungua daftari kwenye ukurasa mmoja, akalisogeza kwa baba yake. Juu ameandika "Umeme ukikatika", na chini yake mistari michache: tochi nne, nani anashika ipi, watoto wanashukia wapi, nani anazungumza na wazazi. Tarehe iliyo kwenye ukurasa huo ni ya siku nane kabla ya mahafali.

Shuleni alikuwa kwenye klabu ya Tuseme, ile iliyotokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, ili wasichana watumie maigizo kusema matatizo yao. Wenzake waligombea kuigiza. Yeye alishika daftari.

Baba mdogo aliusoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo tangu mwanzo ndilo lilikuwa muhimu: "Haya, hicho kitu kinasomwa wapi?"

Njia mbili kwa aliyemaliza kidato cha nne

Tusitafute kozi yenye jina "usimamizi wa jukwaa" peke yake. Kozi za namna hiyo zipo nje, mathalani shule ya Guildhall jijini London ina mafunzo maalumu ya kazi hii. Kwetu somo hili kwa kawaida linakaa ndani ya kozi pana ya sanaa za maonyesho. Kwa mtoto kama wa Kawe, njia kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni kwenda moja kwa moja chuo cha kati. Kinachojulikana zaidi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa wakala wa Serikali mwaka 2007. Ni chuo cha vitendo: ngoma, muziki, maigizo, sanaa za ufundi, na kazi za nyuma ya jukwaa kama taa na sauti. Kina ukumbi wake mkubwa uliojengwa baada ya ule ulioungua, na tamasha la kila mwaka ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1980, linaloleta hadhira halisi. Kwa anayetaka kusimamia jukwaa, hilo ni darasa lisilonunulika.

Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Kigezo cha chini cha kuingia ngazi ya 4 kwa kawaida ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Chuo cha sanaa kinaweza pia kumtaka mwombaji aonyeshe anachoweza, hivyo daftari kama la binti huyu lisiachwe nyumbani.

Ya pili ni kwenda kidato cha tano na sita, kisha shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na wengi wa waandishi na waongozaji tunaowasoma walipita pale. Hapo mwanafunzi anapata nadharia, utafiti na historia pamoja na uzalishaji wa maonyesho. Kwa ukanda wetu, Makerere nchini Uganda nako kuna idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Anayechagua njia hii aangalie mapema tahasusi yake, kwa sababu kitabu cha mwongozo kinachotolewa na TCU kila mwaka kinataja masomo yanayokubalika kwa kila shahada. Ukimpeleka mtoto kwenye sayansi tupu kwa shingo upande, unaweza kumfungia mlango bila kujua.

Habari njema ni kwamba njia hizi hukutana. Mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, akitimiza vigezo vya kozi husika. Kuanzia Bagamoyo hakumaanishi kuishia Bagamoyo.

Kabla ya kulipa ada, uliza haya

Jambo moja nililojifunza kwa wiki mbili hizo ni kwamba chuo cha kazi hii hakichaguliwi kwa jina la cheti. Kinachaguliwa kwa idadi ya maonyesho ambayo mtoto atayasimamia kwa mikono yake kabla hajahitimu. Nesi hafuzu kwa kusoma kuhusu sindano. Na huyu hafuzu kwa kusoma kuhusu taa.

Mzazi, ukifika chuoni au ukipiga simu, uliza:

1. Kwa mwaka mnafanya maonyesho mangapi mbele ya watu, na nani anayasimamia, mwalimu au mwanafunzi? Mwanafunzi anaanza kusimamia mwaka wa ngapi?

2. Naweza kuona ukumbi? Ukishaingia, angalia milango ya dharura kama inafunguka, vizima moto vilikaguliwa lini, na nyaya zimepitaje. Chuo kinachofundisha usalama kinapaswa kionekane salama.

3. Vifaa vya taa na sauti vinafanya kazi, na wanafunzi wangapi wanashirikiana kwenye seti moja?

4. Mnafundisha huduma ya kwanza, usalama wa umeme na kazi za juu ya ngazi? Jukwaa ni mahali pa kazi kama kiwanda, na nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA.

5. Mafunzo kwa vitendo wanakwenda wapi, kwa muda gani, na nani anawatafutia nafasi?

6. Mazoezi yanaisha saa ngapi, na mwanafunzi anarudije bwenini usiku?

7. Kozi imesajiliwa? Usichukue neno la mtu, angalia mwenyewe kwenye orodha ya NACTVET au TCU.

8. Mbali na ada, kuna gharama gani? Na je, kozi hii imo kwenye zile zinazopewa mkopo na Bodi ya Mikopo (HESLB)? Uliza kabla ya kuomba, kwa sababu mikopo ya ngazi ya stashahada hutolewa kwa fani zilizoainishwa.

Swali la sita lina ndugu yake ambalo wazazi huona aibu kulisema. Rushwa ya ngono ipo, na haiko kwenye sanaa peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa kosa. Uliza chuo kina utaratibu gani wa kupokea malalamiko. Mwambie mtoto wako, wa kike na wa kiume, kwamba akitakiwa hilo ili apewe nafasi au alama, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113, na kwamba nyumbani hatalaumiwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomfanya aseme.

Kuhusu ajira tusidanganyane

Hapa baba mdogo alikuwa na hoja. Hakuna ukumbi mjini Dar es Salaam wenye foleni ya nafasi za kudumu za msimamizi wa jukwaa. Wengi katika kazi hii wanaishi kwa kazi ya leo hapa, kesho pale. Mshahara wa mwisho wa mwezi, bima ya afya na mafao si vitu vya kutegemea mwanzoni. Anayeingia ajue kujilipia bima, kuandika mkataba hata wa siku moja, na kuweka akiba kipindi matamasha yakiwa mengi.

Lakini ujuzi wenyewe unahitajika mahali pengi kuliko jina lake. Zanzibar kuna Sauti za Busara iliyoanza mwaka 2004, na tamasha la filamu la ZIFF lililoanza mwaka 1998. Kuna vituo vya televisheni, makongamano, mikutano ya kidini, maonesho ya Sabasaba, na kampeni za afya ambazo mimi mwenyewe huziandikia, zinazotumia maigizo kuelimisha watu kuhusu chanjo au uzazi. Na kuna harusi zetu. Nani hajakaa ukumbini akisubiri maharusi hadi saa nne usiku kwa sababu hakuna aliyekuwa na ratiba? Anayeweza kufanya sherehe ianze kwa wakati hapa mjini hatakosa mteja.

Kazi hii pia ina gharama mwilini: kulala usiku wa manane, kusimama muda mrefu, kula ovyo, na msongo wa kuwa mtu ambaye kosa la yeyote linamrudia. Mtoto asiyevumilia kulaumiwa atateseka. Mtoto anayependa kushangiliwa pia atateseka, kwa sababu makofi si yake.

Ndiyo maana nilimwuliza mdogo wangu swali moja tu tukiwa tunaosha vyombo. Mahafali yale, baba yake aliposifu mwalimu njia nzima, kwa nini hakusema?

"Dada, watoto si walishuka wote?" alinijibu, akaendelea kusuuza sahani.

Jumamosi

Sijui kama atasomea jukwaa au uuguzi. Baba mdogo hajafuta orodha ya vyuo vya afya kwenye simu yake, na sidhani kama ni vibaya. Mtoto wa miaka 17 mwenye milango miwili hapaswi kuharakishwa kufunga mmoja.

Kilichobadilika ni kwamba sasa anataka kuona kwa macho. Kutoka Kawe si mbali: unaishika Barabara ya Bagamoyo, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, umefika. Juzi ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp la familia: "Jumamosi tunakwenda Bagamoyo kuona chuo. Tutatoka asubuhi. Msichelewe."

Dakika mbili hazikupita, binti akajibu. Ametaja saa ya kuamka, saa ya kutoka, nani anabeba vyeti, nani anabeba maji, na maswali manane yamegawanywa kwa majina, kila mtu na yake. La milango ya dharura amempa baba.